Skana ya negativu za fomati kubwa: maswali yanayoulizwa kila mara

Maswali haya yananifuata kila mahali, kwenye meseji, kwenye simu, kuna siku mtu alinivuta pembeni kwenye sherehe ya watu akanionyesha picha ya skana kwenye simu yake akitaka jibu palepale kabla wali haujapoa. Basi nimeyaweka pamoja. Ukiona nimeruka jambo unalolitaka, soma hadi chini, huenda liko ndani ya swali lingine, maana haya mambo yameshikana kama nywele za msuko.

Fomati kubwa ni ipi hasa? Filamu yangu ya 120 imo?

Haimo. Ile ya 120 ni roli, ndiyo inatoa 6x6, 6x7, 6x9 na wenzake, hiyo wanaiita fomati ya kati. Fomati kubwa ni filamu inayokuja shiti moja moja, unaipakia gizani kwenye holda yake, shuti moja shiti moja. Ya kawaida ni inchi 4 kwa 5, halafu kuna 5 kwa 7, halafu kuna 8 kwa 10 ambayo ni ya watu wenye mgongo imara na pochi nene.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu skana nyingi zinazosifiwa kwa filamu haziipokei shiti kabisa. Nikon Coolscan 9000 kwa mfano, mashine tamu, watu wanaililia mpaka leo, lakini mwisho wake ni 6x9, shiti ya 4x5 huiingizi humo hata kwa dua. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni skana nzuri ya filamu" muulize kwanza filamu ipi.

Na jambo la pili ambalo naomba ulishike kuanzia sasa: shiti ya 4x5 ina eneo kama mara 13 ya fremu ya 35mm. Maana yake ni kwamba skana ambayo kwa 35mm ni ya kawaida tu, kwa 4x5 inaweza kukupa printi ya kufunika ukuta. Wenye filamu ndogo wana haki ya kuhangaika na rezolusheni, yaani uwezo wa kuonyesha vitu vidogo. We mwenye shiti shida zako ziko kwingine, tutafika.

Hii skana ya makaratasi ya ofisini si ninaweza kuitumia?

Hapana, na usijaribu kuweka tochi ya simu juu yake, wote tumeshajaribu. Skana ya makaratasi inamulika kutoka chini na kusoma mwanga uliorudi. Negativu inataka mwanga upite ndani yake, kwa hiyo lazima kifuniko cha skana kiwe na taa yake, na hiyo taa iwe pana kiasi cha kufunika shiti nzima. Neno la mwisho ndilo muhimu zaidi, "shiti nzima", soma swali linalofuata.

Epson V600 ni rahisi na inapatikana, haitoshi?

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. V600 ina taa ya filamu kwenye kifuniko, ndiyo, ila ni utepe mwembamba wenye upana wa filamu ya 120 tu. Shiti ya 4x5 inabaki nje pande zote. Kuna watu wanaskani nusu, wanasogeza, wanaskani nusu nyingine, halafu wanaunganisha kwenye kompyuta, na inawezekana, lakini ukiwa na shiti 40 za kuskani utaichukia sanaa yenyewe. CanoScan 9000F ina ugonjwa huohuo, nayo taa yake imeishia kwenye 120.

Kama umeshainunua usiiuze kwa hasira, kwa 120 inafanya kazi. Kwa shiti siyo yake.

Haya, nipe jibu fupi basi, ninunue ipi?

Kwa watu wengi wanaoniuliza: Epson V700, V750, V800 au V850, yoyote iliyo nzima na inayoingia kwenye bajeti yako. Zote nne taa yake ya filamu inafika inchi 8 kwa 10. Kama hela imebana sana tafuta Epson 4990, ni ya zamani zaidi ila nayo taa yake inafika 8 kwa 10 na bado inatoa kazi. Kama una kamera nzuri ya dijitali na lenzi ya makro (ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) tayari, usinunue skana kwanza, soma swali la kamera huko chini. Na kama ni shiti mbili tatu za maisha yako unazotaka kuzichapa kubwa, usinunue chochote, lipa mtu mwenye skana ya dramu, nayo nimeieleza huko chini.

Kwenye boksi wameandika 6400 dpi, yaani nukta kwa inchi. Ni kweli?

Ni kweli kwa namna ya kibiashara. Kijicho cha ndani kinachukua sampuli 6400 kwa inchi, hawajadanganya, ila lenzi iliyo mbele yake haina uwezo wa kutenganisha vitu vidogo kiasi hicho. Watu waliozipima hizi V700 na ndugu zake kwa kibao cha vipimo cha USAF 1951 wanapata kama 2,300 hivi za kweli. Ukiskani kwa 6400 unapata faili zito la kutisha lenye ukungu uliokuzwa, hakuna kipya ndani yake.

Ni kama kumwagia chai ya kikombe kimoja kwenye sufuria la pilau, sufuria ni kubwa ila chai ni ileile.

Mi naskani 2400 na nimemaliza. Wengine wanaskani 4800 halafu wanapunguza nusu kwenye kompyuta, wanasema punje za filamu zinalainika kidogo. Sibishani nao, diski ni zao.

Sasa 2,300 si kidogo? Mbona watu wanaidharau?

Wanaoidharau wengi wanatumia 35mm, na kwao ni kidogo kweli. Twende kwenye hesabu ya shiti. 2,300 kwa inchi ni sawa na jozi 45 hivi za mistari (mmoja mweusi, mmoja mweupe) zinazoonekana kwa kila milimita. Sasa fikiria ulipopiga: kamera ya fomati kubwa kina cha fokasi ni kidogo, kwa hiyo unafunga tundu la lenzi mpaka f/22, f/32, wengine f/45 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo). Ukifunga hivyo mwanga unaanza kutawanyika wenyewe, na kanuni ya haraka ni 1,500 gawa kwa namba ya f. Kwa f/22 kikomo ni kama jozi 68, kwa f/32 ni 47, kwa f/45 ni 33. Umeona? Ukishafika f/32, fizikia imekukomesha karibu palepale ambapo skana ya Epson inakoma. Hujapoteza kiasi unachodhani.

Simaanishi kwamba skana ya dramu haina faida, ina faida, maana ukungu wa lenzi na ukungu wa skana vinajumlishana, na kila kimoja kinakula kidogo. Ila ile tofauti ya kuliza machozi utaiona kwenye printi ya mita na zaidi, siyo kwenye picha ya kupeleka Instagram.

Nahitaji pikseli ngapi basi?

Anza na printi urudi nyuma. Printi nzuri ya kuangalia kwa karibu inataka kama pikseli 300 kwa inchi. Shiti ya 4x5 ukiskani 1200 unapata 4,800 kwa 6,000, gawa kwa 300, hiyo ni printi ya inchi 16 kwa 20. Ukiskani 2400 unapata 9,600 kwa 12,000, pikseli milioni 115, printi ya inchi 32 kwa 40. Nani kwenu ana ukuta wa kutundika kubwa kuliko hiyo?

Na 8 kwa 10 ni ucheshi mtupu: kwa 1200 tu unapata kilekile ulichopata kwenye 4x5 kwa 2400.

V700, V750, V800, V850, tofauti yake nini?

Ndani ni ndugu wa tumbo moja. V700 na V750 zilitoka 2006, taa yake ni ya mrija kama zile za dukani, inataka muda wa kupata joto. V800 na V850 zikaja 2014 na taa ya LED, inawaka na kuwa tayari upesi, na holda zake zimeboreshwa. Zenye 50 mwishoni, yaani V750 na V850, zina lenzi iliyopakwa dawa ya kupunguza mng'aro na vioo vinavyoakisi mwanga zaidi. Kwenye picha ya kawaida weka moja ya V700 na moja ya V850 pembeni, mimi nitakisia tu kama wewe.

Kwa hiyo usiongeze hela nyingi kwa ajili ya namba. Ongeza kwa ajili ya hali ya mashine. V700 iliyotunzwa inaishinda V850 iliyopigwa pigwa na msafirishaji.

Nimeipata iliyotumika, nikague nini?

Hili ndilo swali ningependa watu waniulize kabla ya kulipa, wengi wananiuliza baada ya kulipa.

Kwanza holda. Muuzaji akikwambia "holda zilipotea ila mashine nzima" jua ameshusha thamani, maana holda ya 4x5 ikikosekana utaanza kuitafuta peke yake na bei yake itakukera. Pili, kufuli la usafiri. Hizi mashine zina kufuli la kuzuia kile kichwa cha ndani kisicheze njiani, muulize kama alilifunga, na ukiipokea lifungue kabla hujawasha, maana ukiwasha limefungwa utasikia mlio wa kukoroma na utadhani umeuziwa mbovu. Mimi ya kwanza ilikuja kwenye boksi la kuchakaa halijafungwa chochote, kichwa kilikuwa kimehama njia, muuzaji hakupokea simu tena, ndiyo somo nililolipia.

Tatu, angalia kioo kwa kuinamisha tochi. Hizi Epson zinapenda kupata ukungu chini ya kioo, upande wa ndani, kama mvuke uliokauka. Unasafishika lakini lazima ufungue mashine. Ukungu mwepesi hauui picha, unapunguza kontrasti tu, ila ni hoja nzuri ya kushusha bei.

Nne, umeme. Hii ni kwa wanaoagiza kutoka Marekani hasa. Geuza mashine usome stika: zinazouzwa kule nyingi zimeandikwa 100 mpaka 120V, na kwetu ukutani kuna 230 na kitu. Usichomeke kwa matumaini. Utahitaji transfoma ya kushusha, au ununue iliyotoka Uingereza, Ulaya au Dubai yenye 220 mpaka 240. Na umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo, weka hata kilinda volteji cha friji, ni hela ndogo.

Tano, omba akuskanie kitu chochote kwenye taa ya filamu, siyo karatasi, akutumie faili lenyewe. Kama ana holda tupu askani hivyo hivyo bila filamu, utaona kama kuna mistari iliyonyooka toka juu mpaka chini. Mistari ni vumbi kwenye sehemu ya kujipima au kijicho kibovu, na cha pili hakina dawa.

Skana ya dramu ni nini na kwa nini watu wanaitaja kwa heshima?

Filamu unaibandika kwa kimiminika juu ya mrija wa plastiki angavu, mrija unazunguka kwa kasi, na kijicho cha aina ya zamani kabisa kinasoma nukta moja baada ya nyingine. Inatoa vivuli visafi na ukali ambao flatibedi, yaani skana bapa kama hizi Epson, haifiki. Majina ni kama Heidelberg Tango, Howtek 4500, Aztek Premier. Shida siyo kuipata tu, shida ni kuishi nayo: ni zito, nyingi zinatumia waya wa SCSI na kompyuta ya enzi za babu ambayo ikifa unaanza kutafuta nyingine ya umri uleule, na fundi wake duniani wanahesabika. Kuinunua ili uskani za kwako tu ni kama kununua lori kwa ajili ya kwenda sokoni.

Flextight za Imacon na baadaye Hasselblad ziko katikati, zinakunja filamu kama upinde bila kioo, nzuri sana. Ila soma karatasi yake vizuri: hata X5 ambayo inajisifu kwa 8000, hiyo ni kwa 35mm, ukiweka 4x5 inashuka mpaka 2040. Ni 2040 ya kweli na safi, sikatai. Lakini ilipokuwa mpya bei yake ilikuwa ya gari, na sasa hazitengenezwi tena.

Nina kamera nzuri. Naweza kupiga picha negativu badala ya kuskani?

Naam, na wengi wamehamia huko. Unataka meza ya mwanga yenye rangi ya kuaminika, lenzi ya makro, stendi ya kushikilia kamera ikitazama chini, na giza chumbani.

Hesabu yake iko hivi. Kamera ya pikseli milioni 24, yaani 6,000 kwa 4,000, ukipiga shiti nzima ya 4x5 kwa shuti moja unapata kama 1,070 kwa inchi, kwa sababu upande mfupi ndio unakubana. Hiyo ni printi ya inchi 13 kwa 17 hivi, kwa wengi inatosha kabisa na umemaliza kwa sekunde moja wakati mwenye flatibedi bado anasubiri. Ukitaka zaidi unasogea mpaka nusu ya ukubwa halisi, unapiga vipande 6, safu tatu za viwili viwili, unaviunganisha, unafika kama 2,100. Hapo umemshika Epson shati.

Kinachoangusha watu ni unyoofu. Kamera ikiinama hata kidogo upande mmoja unakuwa mkali na mwingine laini. Weka kioo cha kujitazamia pale negativu inapokaa, angalia kwenye skrini, sogeza mpaka lenzi ijione yenyewe katikati kabisa. Bure na hakikosei. Halafu zima fokasi ya kujiendesha, tumia f/8, tumia taimer usiguse kamera.

Na jamani, msitumie skrini ya tableti moja kwa moja kama meza ya mwanga, vinukta vya skrini vitatokea kwenye picha. Kama huna njia nyingine nyanyua negativu sentimita kadhaa juu yake na uweke plastiki nyeupe ya kutawanya mwanga katikati.

Holda iliyokuja na skana inapinda shiti katikati, nifanyeje?

Hapa sasa ndipo ukali unapopotea kweli, siyo kwenye namba za boksi. Skana hizi hazina fokasi ya kujirekebisha. Lenzi ya juu kwa rezolusheni imewekwa ione kitu kilicho milimita kama 3 juu ya kioo, ndiyo maana holda ina vimiguu. Filamu ikilegea katikati imetoka kwenye fokasi, basi.

Fanya jaribio moja la jioni moja: skani negativu ileile ukibadilisha urefu wa vimiguu, kwenye V700 ni 2.5, 3 na 3.5, angalia ipi kali, andika kwa maka juu ya holda. Kila mashine ina yake, usichukue namba ya rafiki yako. Nimeona mtu akiuza skana akisema ni laini, aliyenunua akageuza miguu tu.

Shiti inayopinda unaweza kuilaza chini ya kioo maalum chenye uso wa kukwaruza kidogo. Kioo cha dirisha cha kawaida kikigusa upande unaong'aa wa filamu utaona pete za rangi kama mafuta kwenye dimbwi la maji, hizo ni pete za Newton, na hazifutiki kwenye kompyuta bila kulia. Upande wa dawa, ule unaobeba picha, hauleti pete sana kwa sababu hauna mng'ao. Utaujuaje upande wa dawa? Shika shiti wima, zile kato za pembeni ziwe juu kulia, upande unaokutazama ndio wa dawa. Hiyo unaifanya hata gizani kwa kidole.

Kuna kuloweka pia, unabandika filamu kwenye kioo kwa kimiminika maalum chenye kukauka haraka, michubuko midogo inajaa na kutoweka, filamu inanyooka kama imepigwa pasi. Matokeo mazuri, uchafu mwingi, harufu, na dirisha liwe wazi. Mimi nafanya kwa shiti chache ninazozipenda tu. V750 ilikuja na trei yake ya kulowekea.

Kwa 8 kwa 10 hakuna holda, unatumia ile fremu ya kuongozea na filamu inalala kwenye kioo. Kwenye programu chagua hiyo hiyo, usichague "na holda", kwa sababu mashine inabadilisha lenzi na fokasi inahamia kwenye kioo.

Digital ICE itaniondolea vumbi?

Inategemea. Ni mfumo wa skana wa kutambua vumbi na kulifuta. Inatumia mwanga wa infraredi, ambao unapita kwenye rangi za filamu lakini unazuiliwa na vumbi, kwa hiyo mashine inajua hapa ni vumbi. Kwa filamu ya rangi, safi sana. Kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe, sahau. Picha yake ni fedha halisi na fedha inazuia infraredi kama vumbi linavyozuia, basi mashine inadhani picha nzima ni uchafu na inaanza kukarabati uso wa bibi yako. Zima kabisa. Zile nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa dawa za rangi, kama Ilford XP2, hazina shida.

Kwa hiyo dawa ya vumbi ni kutokuwa nalo. Kiangazi, barabara ya vumbi nje, feni inazunguka, halafu unashangaa. Zima feni, futa meza kwa kitambaa chenye unyevu, tumia pampu ya mpira ya kupulizia, vaa glavu za pamba, usipulize kwa mdomo maana mate nayo yanakuja. Ninaskani asubuhi mapema kabla watu hawajaanza kufagia.

Dmax 4.0, ina maana gani?

Ni kipimo cha weusi ambao skana bado inaona kitu ndani yake, na 4.0 maana yake sehemu moja ya mwanga kati ya elfu kumi. Namba ya boksi nayo imetiwa chumvi. Ila negativu siyo slaidi (filamu inayotoa picha ya kawaida, isiyo kinyume): negativu iliyosafishwa kawaida weusi wake mara chache unavuka 2, flatibedi inaimudu bila jasho. Slaidi zinavuka 3 na hapo ndipo vivuli vinakuwa matope. Kama kazi yako ni slaidi za 4x5, fikiria dramu.

Programu gani?

Epson Scan inayokuja na mashine inatosha kuanza. VueScan ni ya kulipia ila inaokoa skana za zamani ambazo kompyuta mpya zimezikataa, kwa hilo tu inalipa. SilverFast ina vitu vingi na sura ya chumba cha rubani, wengine wanaipenda.

Chochote utakachotumia: zima kunoa, zima marekebisho ya kujiendesha, nyeusi na nyeupe chukua biti 16, rangi chukua biti 48, na vuta zile alama za mwisho za histogramu (ule mchoro wa mwanga na giza la picha) ziache nafasi pande zote mbili. Faili likitoka limepauka kama uji usio na sukari, hapo umefanya sawa, kontrasti utaitia baadaye. Kwa negativu ya rangi ule uchungwa wa filamu, yaani ile rangi yake ya chungwa, ndio unaotesa. Negative Lab Pro ndani ya Lightroom inageuza vizuri, na ipo kwa mafaili ya kamera na ya skana.

Mafaili yatakuwa makubwa kiasi gani?

4x5 kwa 2400, nyeusi na nyeupe biti 16, ni kama MB 230. Rangi, karibu MB 690. Ukiwa mkaidi ukaskani 8 kwa 10 ya rangi kwa 2400, GB 2.7 na ushee, faili moja. Hifadhi TIFF, siyo JPEG, na uwe na nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Laptopu yenye RAM ya GB 4 itasimama kama punda aliyegoma.

Nina vioo vya zamani na filamu za studio ya babu, vinaskanika?

Vioo ndiyo, flatibedi hapa ndiyo mfalme kwa sababu hakuna kukunja wala kuzungusha. Kumbuka unene wa kioo unahamisha fokasi, kwa hiyo upande wa dawa uangalie chini, umenyanyuliwa kwa vipande vyembamba vya kadibodi kwenye pembe usikwaruze, halafu geuza picha kwenye kompyuta isiwe kinyume. Usivibane na kitu juu, vilivyochoka vinapasuka.

Filamu za zamani angalia ukingo. Ikiandikwa SAFETY, vizuri. Ikinuka siki, asetati yake (plastiki ya filamu) imeanza kuoza, iskani mapema na itenge na nyingine. Ya zamani sana isiyo na neno hilo, imekuwa ya njano na inanata, huenda ni nitrati, plastiki ya filamu za zamani, na nitrati inashika moto kirahisi na kuuzima ni shughuli. Usiirundike chumbani kwenye joto, tafuta watu wa nyaraka za taifa au makumbusho uwaulize kabla hujaigusa tena.

Nimeunganisha kila kitu, inatoka nyeusi tupu.

Inua kifuniko. Kuna kile kibao cheupe cha makaratasi kinachofunika taa ya juu, kivute nje. Ndiyo, ni hicho. Kila mtu.

Nimekivuta. Sasa picha inatoka lakini ina michirizi mirefu ya rangi.

Juu ya holda au fremu kuna kadirisha chembamba ambako mashine inajipima mwanga kabla ya kuanza. Ukikaziba kwa ncha ya filamu, utepe, au unyoya mmoja tu, unapata michirizi picha nzima. Kasafishe, washa upya, jaribu tena kwa shiti usiyoijali.